Mafundi tunao, tuwapime

Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi simu yangu haipumziki. Wakulima wa Gairo, Kilosa na Mvomero wanakuwa wameshauza mahindi, mpunga na ufuta, na mwenye nyumba ya bati iliyokaa gizani miaka yote anataka iwake kabla mvua hazijaanza. Nguzo imeshafika. REA, wakala wa nishati vijijini, imekuwa ikipeleka umeme kijiji baada ya kijiji, lengo likiwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Mtu ana hela mkononi, nguzo anaiona dirishani, na bado ananipigia mimi niliyeko Morogoro mjini: "Dada, huku hatuna fundi."

Naelewa anachosema. Najua pia kwamba kijijini kwake fundi yupo, kwa sababu kila ninapokwenda namkuta. Ni yule anayefunga sola, anayefufua redio, anayeitwa usiku mota ya mashine ya kusaga ikigoma. Ukimpa nyumba ya vyumba vinne ataitindua, atalaza mabomba, atavuta nyaya, atafunga swichi na soketi, na taa zitawaka. Asichonacho ni leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Bila mtu mwenye leseni kukubali kwa jina lake kwamba wayaringi hiyo ni salama, TANESCO haiungi. Mwenye chumba kimoja au viwili anaweza kusaidiwa na kile kifaa cha UMETA, kinachokuja na soketi na taa zake tayari. Mwenye nyumba kubwa zaidi anahitaji wayaringi kamili, na hapo ndipo anapokwama.

Mimi ni mkandarasi mdogo wa umeme wa majumbani. Nilisomea chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, pale Kihonda, nikafanya kazi chini ya watu, baadaye nikapata leseni yangu. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kwenye semina na kwenye hotuba kwamba nchi haina mafundi. Tunao wengi mno. Walio wachache ni wale ambao mtu asiyewafahamu anaweza kuwaamini kwa kusoma karatasi yao, na tukilikosea hilo tutaendelea kujenga madarasa huku waliokwisha kujua kazi wakizeeka wakiitwa saidia fundi.

Tuanze na kinachofanyika sasa, maana kila mtu wa kazi hii anakijua na wachache wanakiandika. Fundi asiye na leseni anafanya kazi yote. Akimaliza, anapanda bodaboda kuja mjini kumtafuta mwenye leseni amgongee muhuri kwenye fomu. Mwenye leseni hajaiona nyumba. Hajui kama kuna ethi rodi, ile fimbo ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, iliyochimbiwa au kipande cha nondo kilichochomekwa mchangani ili kionekane. Anapokea chake, anagonga, fomu inaendelea na safari. Nimeletewa fomu za namna hiyo zikiwa na noti zimekunjwa katikati, kwa heshima zote, "Dada, tusaidie tu." Nikikataa, aliyeileta ananishangaa, maana atavuka barabara na kupata atakayekubali.

Angalia kinachotokea hapo. Mteja amelipa mara mbili. Aliyefanya kazi hatajwi popote. Aliyetajwa hakuifanya. Siku soketi ikiunguza godoro, karatasi itamtaja mtu ambaye hajawahi kukanyaga uani pale, na fundi mwenyewe atakuwa kijiji cha tatu akivuta nyaya nyingine kwa namna ileile, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsimamisha na kumwambia hapa umekosea. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Fundi asiyetambuliwa hapimwi, na asiyepimwa hasahihishwi. Kosa alilofundishwa na bosi wake wa kwanza atalirithisha kwa vijana wake.

Dawa yake ipo na haihitaji kubuniwa upya. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ulioanza kwa majaribio kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani, na baadaye Ofisi ya Waziri Mkuu ikagharamia vijana wengi kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anajitokeza, anahojiwa, anapewa kazi aifanye mbele ya mpimaji, mapungufu yake yanaandikwa, anafundishwa yale tu aliyopungukiwa, kisha anapimwa tena. Akifaulu anapata cheti. Halazimiki kukaa darasani miaka miwili akifundishwa jinsi ya kushika bisibisi.

Nilishuhudia zoezi hilo kwa mzee mmoja tunayefanya naye kazi. Simtaji jina kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Alianza kama kibarua wa kubeba ngazi katika kiwanda kimojawapo cha Kihonda, enzi zile Morogoro ikiwa mji wa viwanda, na fundi mkuu wa pale akamwona ana akili ya kazi akamvuta kwenye karakana ya umeme. Kiwanda kilipofungwa akabaki na ujuzi bila karatasi. Vipimo vya gredi vya wakati ule hakuwahi kukaa. Tangu hapo amefunga umeme kwenye nyumba, misikiti, makanisa na baa ambazo hazihesabiki. Mimi, mwenye cheti na leseni, nikikwama na hitilafu ya ajabu ndiye ninayempigia, na huanza na "Shikamoo baba" kwa dhati kabisa.

Mzee huyo huyo aliwahi kupeleka maombi kwenye kiwanda kimoja hapa mkoani waliokuwa wanatafuta fundi wa matengenezo. Wakamwuliza cheti. Akasema hana, ila anaifahamu paneli yao, maana yeye ni mmoja wa walioifunga. Binti wa mapokezi, ambaye hana kosa lolote, akamjibu kwamba fomu ina sehemu ya kuambatanisha cheti na bila kiambatisho haipokelewi. Baadaye wakaleta timu kutoka mbali, na mmoja wa vijana wa timu ile akaulizia mtaani nani anaijua paneli hii. Wakaja kumchukua nyumbani kwake, wakamlipa posho ya siku.

Siku ya kupimwa, mpimaji alikuja kwenye kazi yetu, nyumba iliyokuwa bado haijapigwa rangi, akamkuta mzee ameshavaa ovaroli safi. Maswali yote yalikuwa kwa Kiswahili, na nashukuru kwa hilo. Nimewaona mafundi wazuri wakigeuka mabubu mbele ya karatasi ya Kiingereza, wakati ukiwauliza hilohilo kwa lugha wanayofanyia kazi wanakumwagia kila kitu.

Akaambiwa afunge taa ya ngazi, swichi mbili, moja chini na moja juu. Alifunga huku akiongea na mtoto wa mwenye nyumba. Akaambiwa apange bodi ya sakiti nne na aeleze kwa nini taa amezipa waya wa milimita za mraba moja na nusu na soketi wa mbili na nusu. Akaeleza kwa mikono: soketi inabeba pasi na jagi la maji ya moto, taa inabeba taa. Mpimaji akaandika.

Kisha likaja lile nililolipenda. Mpimaji alikuwa ametega hitilafu kwenye nyaya bila sisi kumwona. Swichi ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja, ilikuwa inaanguka kila ikipandishwa. Kijana wangu mmoja, mhitimu mzuri wa chuo, alijaribu kwanza kwa ruhusa ya mpimaji. Akashusha breka zote, akapandisha swichi kuu, ikaanguka. Akabaki ameduwaa, maana kwa akili yake breka zikiwa chini hakuna kitu kinachoweza kuvuja. Mzee akamwomba apishe. Hakuzigusa breka kabisa. Alizima umeme wote, akahakikisha kwa tester, kisha akaenda upande wa nyutro, zile nyaya zinazorudisha umeme, akachomoa nyaya za nyutro moja baada ya nyingine kutoka kwenye bao lake, pale zinapofungwa pamoja, akirudisha umeme na kupandisha swichi kila baada ya waya mmoja. Kwenye waya wa tatu swichi ikakaa. "Huyu hapa nyutro yake imegusana na ethi huko mbele," akasema, "na breka inakata laivu, waya wenye moto, peke yake, nyutro haiikati." Akaufuata ule waya mpaka kwenye boksi la soketi ya jikoni, akafungua, na kweli, skrubu ya boksi ilikuwa imebana ngozi ya waya mpaka shaba.

Mpimaji alimpa mkono. Mimi nilitaka kupiga kelele.

Ila naomba msomaji asiishie hapo, kwa sababu dakika chache baadaye nilipata baridi mgongoni. Mpimaji alitoa kipande cha kebo ya fezi tatu, yaani yenye nyaya tatu za moto, kipya, chenye nyaya za kahawia, nyeusi, kijivu, bluu, na ya kijani yenye mstari wa njano. Akauliza, "Baba, nyutro ni ipi?" Mzee akaweka kidole kwenye nyeusi bila kusita.

Kwenye kebo alizokulia nazo, nyekundu, njano na bluu zilikuwa fezi, na nyeusi ilikuwa nyutro. Kwenye rangi za sasa bluu ndiyo nyutro, na nyeusi ni fezi, ina moto. Rangi hizo mbili zimebadilishana nafasi. Mtu mwenye mikono bora kuliko yangu, anayeona hitilafu kwa kusikia mlio wa swichi, angeweza kumuua mtu au kufa yeye kwa rangi ya waya. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kwenye nyumba za kawaida za fezi moja hakuwahi kukutana nayo, na hakuwa kwenye orodha ya yeyote wa kumwita kumweleza kwamba mambo yamebadilika.

Mapungufu mengine yalikuwa madogo. Hakuwahi kumiliki mega, kifaa cha kupima ngozi ya nyaya, kwa hiyo ubora wa ngozi ya nyaya alikuwa anaupima kwa macho na vidole. Sasa anajua kwamba unapiga volti 500 na kipimo kisipungue megaohm 1. Ethi alikuwa anachimbia vizuri lakini hapimi. Aliitwa kituoni kwa mafunzo mafupi ya hayo tu, akarudi kupimwa, akapata cheti chake.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu wapo wanaodhani kutambua ujuzi ni kumpa mzee karatasi ya kumfariji. Kipimo kile kilimpa mzee heshima aliyostahili, na hapohapo kikamwondolea hatari moja kubwa. Hivyo viwili havitengani. Ukitoa cheti bila kipimo cha kweli umempa mtu ruhusa ya kuunguza nyumba za watu kwa jina la serikali.

Na hapa nina ugomvi na jambo moja. Siku hizi kuna semina za siku chache, wakati mwingine na kampuni inayouza vifaa, watu wanakula, wanapiga picha, na wote waliohudhuria wanaondoka na cheti chenye nembo na saini. Mafundi wanakiweka kwenye fremu. Wateja hawajui tofauti ya cheti cha kuhudhuria na cheti cha umahiri, na matokeo yake vyote viwili vinapoteza thamani. Utaratibu wa kutambua ujuzi lazima uwe na uwezo wa kumfelisha mtu. Katika kundi la mzee wetu kijana mmoja aliambiwa bado, arudi kazini chini ya fundi mwenye uzoefu kisha aje tena. Alikasirika, akanijia mimi nimtetee. Nilimwambia mpimaji yuko sahihi, na ninamwambia hivyohivyo mpaka leo.

Mafundi wa kuchomelea wamelielewa hili kuliko sisi wa umeme. Bomba la mafuta ghafi la Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443, na sehemu kubwa iko Tanzania. Vijana wengi wa mageti na madirisha waliona huo ndio mlango wao. Lakini mabomba yana mtihani wake. Ule wanaouita 6G unaliweka bomba limeinama nyuzi 45, limefungwa, halizungushwi, na mchomeleaji analizunguka yeye, juu, pembeni na chini, mpaka mshono ukutane. Halafu mshono haukaguliwi kwa macho peke yake. Unakatwa ukakunjwa kwenye mashine, au unapigwa eksirei, na ufa au kitundu kilichojificha ndani kinajitokeza chenyewe. Hakuna cha kujuana. Na chini ya kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, zinazotumika sana kwenye mabomba, mtu akikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile aliyofaulia, sifa yake inakwisha mpaka athibitishwe tena. Ndiyo maana karatasi ya mchomeleaji inaaminika na msimamizi ambaye hajawahi kumwona. Anajua nini kilifanyika mpaka ikatolewa, na akitaka anaweza kurudia jaribio hilohilo mbele yake.

Natamani umeme wa majumbani ufike hapo. Kazi ile ya mzee ya kutafuta nyutro iliyogusa ethi ingeweza kuwa kipimo kimoja kwa nchi nzima, kuanzia Mtwara mpaka Bukoba, bodi ileile, hitilafu zilezile zimetegwa, muda uleule. Mteja wa Gairo akiona daraja fulani kwenye cheti ajue mwenye cheti hicho aliikuta hitilafu na kuiondoa.

Kuna nafasi nyingine tuliyoipoteza mbele ya macho yetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Vijana wa mkoa huu walikwenda kule kwa wingi. Wengine waliondoka hapa hawajui kushika spana wakarudi wamefunga nondo za unene ambao sijawahi kuuona, wamelaza kebo, wamesimamia pampu za zege. Wamerudi na nini? Barua. "Fulani alifanya kazi nasi kuanzia tarehe hii mpaka tarehe hii, tunamtakia kila la heri." Barua ile haisemi anaweza kufanya nini, na mwajiri mwingine akiisoma anaiweka pembeni. Wale vijana walikuwa kambini, mahali pamoja, wanafanya kazi ileile kila siku mbele ya wahandisi. Mpimaji angekwenda kule akawapima kabla hawajatawanyika, tungekuwa leo na maelfu ya mafundi wenye vyeti bila kujenga darasa hata moja. Reli ya kisasa vilevile. Mradi mkubwa unaofuata, mkataba wake useme wazi kwamba kila mfanyakazi wa ndani atapimwa na kupewa cheti kabla ya kuondoka, na gharama iwe ndani ya bei ya mradi. Tunaandika kwenye mikataba mpaka idadi ya vyoo vya kambi, hili haliwezi kutushinda.

Pesa ya kuwapima wa mtaani nayo ipo. Waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10 wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Zamani ilikuwa asilimia 6 ya malipo ya wafanyakazi, mwaka 2013 ikashuka hadi 5, na imeendelea kushuka mpaka 3.5 mwaka 2023. Waajiri walilalamika kwamba ni mzigo na hawaoni wanachopata. Mimi ningewaelewa zaidi kama wangesema: sehemu ya hela yetu iwapime watu tulio nao tayari. Mwenye hoteli ana mpishi ambaye hakusoma, mwenye gereji ana fundi ambaye hakusoma, na anawategemea kila siku. Wapimwe hapohapo kazini. Fundi wa kawaida kuacha kibarua siku kadhaa kufuata kipimo mjini ni kuacha watoto bila chakula, na hiyo ndiyo sababu wengi hawaji, wala si woga kama wengine wanavyodhani.

Sisi wanawake tunalijua hili kwa namna yetu. Nikifika na ngazi na begi la vifaa, mwenye nyumba mara nyingi anamsalimia kijana wangu na kumwuliza yeye bei. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado inatokea. Leseni ninayoitoa kwenye faili inamaliza mjadala huo haraka kuliko maneno yoyote. Kwa hiyo ninapowaona mabinti waliojifunza kwenye karakana za baba zao, wanajua kazi lakini wanaitwa "anayemsaidia baba", nawasukuma wakapimwe kabla ya kaka zao. Kaka ataaminiwa hata bila cheti.

Wahandisi, wasanifu majengo na wahasibu wa Afrika Mashariki wana makubaliano ya kutambuana, chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Mhandisi aliyesajiliwa Nairobi anaweza kuomba kutambuliwa Dodoma bila kuanza upya. Fundi umeme wa nyumba hayumo. Mwenye gredi za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, akivuka Namanga, na mwenye daraja la tatu la VETA akivuka kwenda upande wa pili, kila mmoja anakuwa tena saidia fundi. Wanaohama zaidi kutafuta kazi ni hawa, na ndio waliosahauliwa.

Rudi kwa mzee wetu. Kuna watakaouliza amepata nini. Malipo yake kwangu yamepanda, kwa kuwa sasa naweza kumwandika kwenye nyaraka za zabuni kama fundi na mteja analipia fundi. Shule moja ya binafsi imempa mkataba wa matengenezo, na walichoomba kwanza ni nakala ya cheti. Vijana wake wawili wamejiandikisha. Kile kiwanda hajakirudia, na mimi sijamsukuma.

Jambo moja ninaloulizwa kila wiki: je, nikipata cheti hiki naruhusiwa kusaini fomu ya wayaringi? Hapana. Cheti ni ushahidi wa umahiri wako na kinatoka upande wa VETA. Leseni inatoka EWURA, ina madaraja, na kila daraja lina mpaka wa kazi unayoruhusiwa kufanya na masharti yake ya elimu na uzoefu. Cheti kinakuwezesha kuanza kuiomba, na bila hicho huna pa kuanzia. Usikubali mtu akuuzie njia ya mkato katikati ya hivyo viwili. Wapo, na wanavaa vizuri.

Kwa fundi anayesoma hapa na anataka kwenda: anza leo kukusanya ushahidi wa kazi. Piga picha bodi kabla hujafunga kifuniko, maana kifuniko kizuri hakimwonyeshi mpimaji chochote. Mwombe mteja akuandikie mistari miwili na namba yake ya simu, kazi ilikuwa nini na lini. Kama uliwahi kufanya kazi kwa mkandarasi, tafuta barua hata kama ni ya zamani. Beba kitambulisho cha NIDA. Nenda kituo cha VETA kilicho karibu uulizie kutambuliwa kwa ujuzi, sema kwa maneno hayohayo ili wasikuelekeze kwenye kozi ndefu. Utakapohojiwa, usiseme unajua usichokijua, kwa sababu pengo likiandikwa utafundishwa, na likifichwa utabaki nalo. Na kabla hujaenda, tafuta kipande cha kebo mpya ya fezi tatu, ukivue ngozi, uziangalie zile rangi mpaka kidole chako kiache kwenda kwenye nyeusi.